DARSA YA RAMADHANI 18: Pelekeni na mtu wa kurudi



Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, mama zangu, na vijana wetu wa mjini. Alhamdulillah, tumefika mfungo wa kumi na nane. Kumi la mwisho linabisha hodi. Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu.

Jana baada ya tarawehe vijana wanne walinifuata. Wamechangishana kwenye fremu za Mtaa wa Kongo na Msimbazi, na wanataka kwenda kuwaona watoto wanaougua saratani pale Muhimbili. Swali lao lilikuwa moja: "Ustadhi, tupeleke nini? Juisi na tende, au sabuni na nepi?"

Swali zuri, na Allah awalipe kheri. Nimeona jibu lake lisiishie kwetu watano, kwa sababu najua makundi kama hayo yako mengi mwezi huu. Jibu fupi ni hili: pelekeni vitu, ila kabla ya kuondoka hapa, chagueni miongoni mwenu mtu ambaye atarudi wiki ijayo, na wiki inayofuata, na Shawwal, na Dhulqaada. Huyo ndiye sadaka kubwa kuliko boksi zote mtakazobeba.

Sasa nieleze kwa nini.

*Watoto wenyewe ni akina nani?*

Wengi wetu tunapita Ocean Road kila siku. Ukitoka Feri, ukaipita Ikulu, ukafuata ufukwe kwa ile barabara inayoitwa sasa Barack Obama, unaliona jengo la enzi za Mjerumani. Hiyo ndiyo taasisi yetu ya saratani. Zamani hata watoto walilazwa pale. Mwaka 2011 huduma ya watoto ikahamishiwa Muhimbili, Upanga, ingawa tiba ya mionzi bado wanaletwa Ocean Road. Kwa hiyo jambo hili liko hapa hapa kwetu, unafika kwa miguu au kwa bodaboda ya muda mfupi.

Mtoto anayeingia kwenye chumba cha mionzi huachwa peke yake. Mama anatolewa, wahudumu wanatoka, mlango mzito unafungwa, na yeye anatakiwa alale kimya asitikisike. Ni dakika chache tu, lakini kwa mtoto wa miaka sita dakika hizo ni ndefu. Akitoka, anatafuta uso anaoujua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani wanapata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80% yao wanapona. Katika nchi zenye kipato kama chetu na chini yake, wanaopona hawafiki 30%. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kidunia, lengo likiwa angalau 60% wapone ifikapo 2030.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Sehemu yake ni vifaa, sehemu ni kuchelewa kufika hospitali. Na sehemu moja inatuhusu mimi na wewe: wapo watoto wanaoanza matibabu, kisha wanaondoka katikati.

Tuchukue saratani moja inayowapata sana watoto wa ukanda wetu, ile ya tezi inayovimbisha taya au tumbo. Inaitwa Burkitt, kwa jina la tabibu aliyeieleza huko Uganda mwaka 1958. Inakua kwa kasi ya kutisha, na kwa rehema ya Allah huwa inasikia dawa haraka pia. Mtoto akipata dripu za mwanzo, uvimbe unaweza kuyeyuka mbele ya macho. Mama anaona uso wa mwanawe umerudi. Huku Kigoma au Mtwara ameacha watoto wengine watatu, shamba limeingiwa nyani, baba anapiga simu kila siku, "utarudi lini?" Anamtazama mtoto, anasema huyu amepona. Anafunga virago. Ugonjwa ambao haujaisha unarudi, na ukirudi unakuwa na nguvu kuliko mwanzo.

Mama huyu si mjinga na wala si mwenye kukata tamaa na rehema ya Mola wake. Amechoka, na hana mtu katika mji huu. Matibabu ya watoto pale Muhimbili yanatolewa bila malipo, na taasisi ya Tumaini la Maisha inafanya kazi bega kwa bega na hospitali katika hilo. Lakini upweke nao ni gharama, na hauna dirisha la malipo.

*Aliyekuwa na mgonjwa, na aliyepitisha chakula tu*

Kuna Hadithi Qudsi ambayo Imam Muslim ameipokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), na wengi wenu mnaijua. Maana yake ni kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamuuliza mja wake kwa nini alipokuwa mgonjwa hakumzuru, na alipomwomba chakula hakumlisha, na alipomwomba maji hakumnywesha. Mja atashangaa: itakuwaje, naye ni Mola wa walimwengu? Ataambiwa kuwa mja fulani aliumwa, fulani aliona njaa, fulani aliona kiu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu wanazuoni wamesimama hapa. Katika chakula na maji, jibu ni kwamba ungelitoa ungelikuta malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Lakini katika mgonjwa jibu linabadilika: mja anaambiwa kuwa lau angelimzuru, angelimkuta Mwenyezi Mungu kwake, pale pale alipo mgonjwa.

Umeona tofauti? Futari uliyotoa utaikuta ghala yake kwa Allah, na hiyo ni kheri kubwa. Mgonjwa, kuna ukaribu wa Mola wako unaokusubiri pembeni ya kitanda chake, na huupati kwa kumtuma mtu wa bodaboda apeleke boksi. Inabidi mguu wako uende.

*Mtume (S.A.W.) na watoto*

Mtu atasema, "Ustadhi, kumzuru mtu mzima naelewa, namwombea dua, tunazungumza. Mtoto nikae naye nimwambie nini?"

Angalia Mtume wako. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake kwa mama, akiitwa Abu Umayr, mtoto aliyeachishwa ziwa si zamani. Alikuwa na kindege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume (S.A.W.), ambaye mabegani kwake kulikuwa na umma mzima, alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kile kindege. Hakumwambia aache kulia kwa ajili ya ndege, kuna watu wamekufa Uhud. Aliingia kwenye huzuni ya mtoto kwa mlango wa mtoto.

Basi ukienda wodini, mlango ni huo. Mwulize habari za gari lake la kopo la maziwa, au timu yake. Kama ni Simba na wewe ni Yanga, alhamdulillah, mazungumzo yamepatikana ya mwezi mzima.

Na usiulize dini kabla ya kucheza. Mtume (S.A.W.) alikwenda kumtazama kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alipougua, akakaa kwenye kichwa chake. Ile wodi ina watoto wa kila mkoa na kila imani.

*"Mimi siwezi, nitalia"*

Hili ndilo naambiwa zaidi, na nimeliacha katikati makusudi, kwa sababu ndilo lenye uzito. Watu hawaogopi kazi. Wanaogopa kumpenda mtoto ambaye huenda akafa.

Kuna fundi cherehani mmoja katika jamaa zetu, jina nalihifadhi kwa sababu mwenyewe ndivyo anavyotaka. Alianza kwenda kwa watoto kila Jumatano, mchana wa kazi nyepesi. Hakuwa na maneno mengi. Alibeba vipande vya kitambaa na vifungo, akawa anawafundisha kushona vifungo na kutengeneza vikaragosi. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyemzoea sana, akawa anamwekea nafasi kitandani kila Jumatano. Jumatano moja fundi amefika, kitanda kimetandikwa shuka jipya, mtoto hayupo. Amerejea kwa Mola wake usiku wa kuamkia Jumanne.

Aliniambia alikaa wiki tatu hakurudi. Akaniuliza, "Ustadhi, je, nimeshaumia kiasi cha kutosha, naruhusiwa kuacha?"

Nikamsomea habari aliyoisimulia Usama bin Zaid (R.A.), iliyomo katika Bukhari. Binti wa Mtume (S.A.W.) alimpelekea babake ujumbe kuwa mwanawe yuko katika kukata roho. Mtume kwanza akamrudishia salamu na maneno ya subira, kwamba alichokitwaa Allah na alichokitoa ni chake. Binti akatuma tena, akimwapia kwamba lazima aje. Mtume akainuka pamoja na baadhi ya Masahaba. Akainuliwa mtoto, pumzi yake ikikoroma kifuani, na macho ya Mtume yakabubujika machozi. Saad bin Ubada akashangaa, akauliza ni nini hiki. Mtume akamjibu kuwa hii ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake, na Allah huwarehemu wenye kurehemu.

Ndugu yangu, zingatia mambo mawili. La kwanza, ujumbe wa subira ulitumwa, nao ulikuwa ujumbe wa Mtume mwenyewe, lakini mama mwenye mtoto anayekata roho alihitaji mtu. Ikiwa salamu za Mtume hazikumtosha binti yake mpaka alipokwenda mwenyewe, hizi "pole sana" zetu za kwenye simu zitamtosha nani? La pili, alikwenda akijua kuwa mtoto anaondoka. Hakwenda kwa sababu kulikuwa na matumaini ya kupona. Alikwenda kwa sababu mtoto na mama walikuwa pale.

Yule fundi alirudi. Na baada ya miezi, mama mmoja kutoka mkoani, ambaye mwanawe alikuwa ameanza kupata nafuu, akamnong'oneza kuwa kesho anapanda basi anaondoka. Hakumwambia daktari, wala muuguzi. Alimwambia fundi wa vifungo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akija kila wiki. Fundi hakumkaripia. Alimsikiliza, kisha akamwomba waende pamoja kwa muuguzi, wakapiga simu kule kijijini, baba akaelezwa kwa lugha anayoielewa. Mama akabaki mpaka dozi ikaisha. Kupona ni kwa Allah, lakini kubaki kwake kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa Jumatano zile zote ambazo mtu angeziona za kushona vifungo tu.

*Nchi za wenzetu wanaitaje kazi hii?*

Huko nje wameipa mpangilio. Mwigizaji Paul Newman wa Marekani alifungua kambi ya watoto wagonjwa kule Connecticut mwaka 1988, na mwaka 1994 ikafunguliwa nyingine Barretstown, Ireland. Zimefuata nyingi, nyingine zinafanyika hata katika baridi kali ya theluji. Mtu anajitolea, anafundishwa kwanza, kisha katika baadhi ya kambi anapangiwa mtoto mmoja awe rafiki yake: anakula naye, anacheza naye, anamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Madaktari wako pembeni, lakini kwa siku hizo mtoto haitwi mgonjwa, anaitwa kwa jina lake.

Sisi hatuhitaji theluji wala bwawa la kuogelea ili tufanye hivyo. Tunahitaji saa mbili kwa wiki na moyo usiochoka. Na jambo hili kwetu ni sunna kabla halijawa mradi wa mtu.

*Ukiamua, fanya hivi*

1. Usiingie wodini kienyeji. Anza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, jiandikishe, ueleze siku na saa unazoweza, usikilize taratibu zao. Wakikuambia subiri, subiri.

2. Saratani haiambukizi, usimwogope mtoto. Yeye ndiye wa kukuogopa wewe. Dawa anazotumia zinashusha kinga ya mwili, mafua yako madogo yanaweza kumlaza. Ukiwa na kikohozi au homa, siku hiyo usiende, piga simu useme. Nawa mikono kila unapoingia.

3. Usimpe chakula chochote bila kumuuliza muuguzi, hata tende.

4. Usipige picha. Hili nalikaza. Mtoto aliyenyonyoka nywele na kuvimba uso ana heshima yake, na siku moja inshaAllah atakuwa mtu mzima mwenye familia. Sadaka yako Allah ameiona, haihitaji kamera.

5. Kaa mahali ambapo mama au muuguzi anakuona. Usijifungie na mtoto wa watu faragha, hata ukiwa na nia njema kiasi gani. Hiyo ni amana, inamlinda yeye na wewe.

6. Usimwambie mama kuwa ugonjwa ni adhabu ya dhambi zake. Usimletee habari za mganga fulani, au mafuta fulani yaliyomponya jirani. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, na daktari yupo. Wewe kazi yako ni urafiki na dua.

7. Usimuulize mtoto kwa nini hakufunga. Aliye mdogo hajawajibika, na mgonjwa Mola wake amemruhusu katika Suratul Baqara. Ukikuta binti wa miaka kumi na tatu analia kwa sababu wenzake wanafunga naye anameza vidonge, mwambie kuwa kuipokea ruhusa ya Allah nayo ni ibada.

8. Hili la mwisho ndilo kubwa. *Usimwahidi mtoto kitu ambacho hutakifanya.* Abdallah bin Amir (R.A.) alipokuwa mdogo, mama yake alimwita akimwambia njoo nikupe kitu. Mtume (S.A.W.) alikuwapo, akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja! Sasa wewe unamwambia mtoto wa wodini "nitakuja Jumamosi", halafu Jumamosi inakuta uko kwenye mpira. Yule mtoto hana pa kwenda, Jumamosi nzima anatazama mlango. Kama huna hakika, sema "nikijaaliwa nitakuja siku moja", usitaje siku.

*Tusiwe watu wa mwezi mmoja*

Ndugu zangu, mwezi huu wodi zitajaa wageni. Tutapanga foleni na maboksi. Kisha mwezi utaandama, tutavaa kanzu mpya, tutakula pilau, na tarehe 10 Shawwal yule mtoto atakuwa na dripu ile ile na mlango utakuwa kimya. Mama Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu hata zikiwa chache. Hadithi hii tunaisoma sana kwenye dhikri na rakaa za usiku. Mtoto mgonjwa naye anaielewa, tena bila kusoma. Hajui nani alileta boksi lipi. Anajua nani alirudi.

Kwa hiyo naomba kila kundi linalokusanya michango lifanye jambo moja la ziada. Mkishahesabu fedha, hesabuni na saa. Nani ana Jumatano? Nani ana Jumapili asubuhi kabla ya kufungua duka? Dada zetu, nani anaweza kwenda kukaa na mama mmoja amshikie mtoto, naye apate kuoga na kulala saa moja? Andikeni majina mawili au matatu, yanatosha. Wasioweza kwenda wawalipie nauli wanaokwenda, wawashikie fremu wakiwa hawapo. Nyote mtakuwa katika ujira huo, inshaAllah.

Anayetaka kuanza baada ya Idi aniandikie kwa faragha siku na saa yake. Tutakwenda pamoja ofisi ya ustawi wa jamii wiki ya pili ya Shawwal, bila mabango wala fulana.

Ewe Mola wetu, Mwenye kuponya, waponye watoto hawa uponyaji usioacha ugonjwa nyuma yake. Wape mama zao subira na watu wa kuwashika mkono. Waliotangulia katika watoto hao, wajaalie wawe viombezi kwa wazazi wao. Madaktari na wauguzi wanaokesha nao, wabariki katika mikono yao. Na sisi utujaalie miguu inayorudi. Aamin.

Kesho inshaAllah tutaanza maandalizi ya kumi la mwisho: nia ya itikafu, na mwenye biashara afanyeje.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.